Maksai wa Morotonga na Barua Yangu ya Kuacha Kazi

Jumatatu alfajiri, likizo ya kiangazi, niliondoka shuleni kwetu karibu na Kewanja nikiwa na kamba ya katani begani na barua ya kuacha kazi mfukoni. Kamba ilikuwa ya mwalimu mkuu. Siku zile za Elimu ya Kujitegemea kila shule ilikuwa na shamba, na shamba letu lilikuwa na maksai mmoja wa kulimia aliyekosa mwenzake. Shule moja ya Morotonga, upande wa Serengeti, ilikubali kutupa wa pili, nikatumwa kumleta.

Barua ilikuwa yangu. Niliiandika baada ya kwenda kuposa. Baba wa binti aliniuliza nina ng'ombe wangapi, nikajibu nina wanafunzi arobaini na wanane. Akauliza kama wanakamuliwa. Nilirudi nyumbani naona haya hata mbele ya mbuzi. Mjomba wangu ana duka ng'ambo ya Sirari, huko Kenya, na alikuwa akinitaka niwe karani wake. Basi nikaapa: nikishamfikisha maksai, nampa mwalimu mkuu barua, kwaheri chaki.

Jumanne jioni nilifika Morotonga, miguu imevimba. Mwenyeji wangu, Mwalimu Wambura, alinikaribisha ugali wa mtama na mlenda, akaniuliza habari za kazi. Nikamwambia tunaambiwa ualimu ni wito.

"Ni kweli," akasema. "Mimi niliitika kabla sijauliza nani anaita."

Tulicheka mpaka ugali ukapoa. Asubuhi alinikabidhi maksai mwekundu, mnene, mwenye dharau, pamoja na kibali cha kumsafirisha chenye muhuri.

Jumatano njiani niliona maajabu. Watu ambao juzi walinipita kama kichaka sasa walitoka majumbani kunisalimu. Walimpapasa maksai mgongo, wakauliza ukoo wangu, wakauliza kama nimeoa. Mzee mmoja alinitolea kiti cha miguu mitatu na kuniita mheshimiwa. Nilipomwambia ng'ombe ni wa shule na mimi ni mwalimu tu, alikichukua kiti chake akaingia nacho ndani. Nikaendelea, mimi na mheshimiwa wa kweli, yeye mbele mimi nyuma.

Alhamisi saa nne tulivuka mto Mara, maji magotini, nguo zangu nimezifunga kichwani na kibali nimekiuma kwa meno. Ng'ambo nilikiweka juu ya jiwe ili nivae suruali. Mguu wa pili haujaingia, maksai akakila. Alikila chote, saini na muhuri, kisha akanitazama kama anauliza kuna kingine.

Hatujafika mbali, karibu na Matongo, mgambo wanne wakatuzunguka. Mtu asiye wa pale, ng'ombe asiye wa pale, kibali hakuna. Nchi ile mtu kama huyo ana jina moja tu, mwizi. Niliwaeleza kwamba kibali kimo tumboni mwa mtuhumiwa mwenzangu. Hawakucheka. Wakanifunga mikono, wakanipeleka kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Nyamhanga, na kijiji kizima kikatufuata.

Nilimwamkia shikamoo, nikasema mimi ni mwalimu. Akasema wezi wote wa mwaka ule walikuwa walimu. Akanipekua mfukoni, akatoa barua yangu. Niliomba nimsomee mwenyewe. Akakataa. Alikuwa katika darasa la elimu ya watu wazima, na kusoma alijua.

Basi akaisoma kwa sauti, kidole chini ya kila silabi, jua likisogea. Kila shida niliyomwandikia mkuu wangu kwa siri ilitoka hadharani kipande kipande. Kwamba nyumba yangu inavuja kila mahali isipokuwa nje. Kwamba wananchi huniita niwaandikie barua, niwaamulie ugomvi na niwashikie ng'ombe wa kuchomwa sindano, lakini kwenye sherehe nakalishwa na watoto. Kwamba sijaposwa, samahani, sijakubaliwa kuposa. Akina mama walishika midomo. Nilitamani maksai anile na mimi.

Mzee Nyamhanga alifika kwenye sahihi, akafuta jasho.

"Mfungulieni," akasema. "Mwizi wa ng'ombe hana shida nyingi namna hii. Huyu ni mwalimu."

Walinipa maziwa ya mgando na kiti, na safari hii hakuna aliyekichukua. Lakini barua yangu mzee alikataa kunirudishia. Ndiyo ya kwanza aliyowahi kuisoma mpaka mwisho, akaniambia, na darasa lao halikuwa na kitabu cha kusoma. Nikawaza: shauri lako mzee, nitaandika nyingine.

Ijumaa nilimkabidhi mwalimu mkuu maksai. Aliuliza kibali kiko wapi, nikamwambia asubiri kidogo.

Jumapili asubuhi nilikaa na kalamu kuandika barua ya pili. Nikasikia watu juu ya paa langu. Nikatoka nikawakuta kumi na wawili, wamebeba nyasi za kuezekea kutoka kule kwao, na chini amesimama Mzee Nyamhanga na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akanipa. Ilikuwa barua ya kwanza aliyoandika maishani, mwandiko umepanda na kushuka kama njia ya mlimani:

"Ndugu Mwalimu. Barua yako tumeisoma darasa zima. Tumefanya kikao. Ombi lako limekataliwa."

Nililia, sisemi uongo. Kwa mjomba sikwenda tena. Nimejifunza kwamba heshima ya mwalimu huchelewa, na ikija huja na nyasi kichwani. Na nimejifunza jambo moja la utumishi: katika miaka yangu yote ya kazi niliandika barua nyingi sana kwa wakubwa, na hiyo ndiyo pekee iliyojibiwa.