Kazi ya Dirisha la Taa

Stanslaus Ngassa alizaliwa Ushirombo, nyuma ya misheni, akasoma hapo mpaka baba yake alipomtoa shule aende kuchunga. Ukame wa mwaka 1949 ulipowamaliza ng'ombe, hakukuwa tena na cha kuchunga. Akamchukua mkewe Generosa, wakaenda kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Wakati huo alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kifua kipana. Kufika mwaka 1953 urefu ulikuwa umebaki, lakini kifua kilikuwa kimeondoka, na shati lilimning'inia kama limeanikwa kwenye mti.

Kazi yake ilikuwa kushika mashine ya kutoboa mwamba. Mabula, mwenzake, alikuja mgodini baadaye, na kazi yake ilikuwa kumshikia mpira wa upepo. Vumbi la mwamba ni jeupe na laini kama unga wa muhogo. Stanslaus alilikohoa usiku kando ya mwanawe mdogo aitwaye Sikujua, akalikohoa kanisani, mwisho akaanza kukohoa damu.

Dresa wa zahanati ya kambi alimsikiliza kifua, kisha akainuka akafunga mlango.

"Ukiendelea kushuka shimoni, huyo mwanao hatakukumbuka sura. Tafuta kazi ya juu. Na hiyo damu usimtajie mtu. Wakijua, watakutoa kabisa."

Kazi ya juu iliyokuwa inatafutiwa mtu ilikuwa moja tu, kazi ya karani wa taa. Mzee aliyekuwa nayo alikuwa anarudi kwao. Karani wa taa alikaa dirishani, akampa kila mchimbaji taa yake ya kabaidi asubuhi, akaipokea jioni, na taa iliyoharibika alimwandikia Bwana Injinia habari zake kwa Kiingereza. Hakuna vumbi. Kuna kiti. Stanslaus alilitazama dirisha lile kila alipopita, kama mtu mwenye njaa anavyotazama jiko la jirani.

Kwa hiyo akajiunga na darasa la Kiingereza la Mwalimu Donatus, lililofundishwa jioni kwenye kibanda cha kanisa. Mabula naye akaenda, kwa kumsindikiza.

"Sisi tukisema 'kujinunulia shati'," alisema Mwalimu jioni moja, "neno moja limebeba kila kitu. Mwingereza hana hiyo 'ji' yetu. Yeye anasema to buy myself a shirt. Kitendo kwanza, halafu wewe unayepata, shati linakuja mwisho."

"Kwa hiyo Mzungu anajiweka mbele ya shati, Mwalimu?" akauliza Mabula.

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana anayo mengi!"

Kibanda kizima kilicheka. Mwalimu Donatus akafuta ubao huku akitabasamu, akaandika sentensi nyingine: I want Mabula to buy himself a shirt.

"Anayetaka ni nani?"

"Wewe, Mwalimu!"

"Anayenunua?"

"Mabula!"

"Basi neno linamfuata anayenunua. Usimtazame aliyeanza kusema, mtazame anayekifanya kile kitendo. Mabula anunue, Mabula avae. Himself."

"Na wewe unipe hilo shati nilivae kweli, Mwalimu," akasema Mabula, "maana hapa ubaoni halinifuniki."

Stanslaus hakucheka. Alikuwa anaandika. Toka siku hiyo aliyasema maneno yale chini ya ardhi, mashine ikingurumia mikononi mwake: to find myself a place, kujitafutia nafasi, to get myself some work, kujipatia kazi. Kila alichokitaka duniani kiliingia katika sentensi ya namna ile. Mwalimu Donatus alisema hajawahi kupata mwanafunzi anayeipanga vizuri kama yeye.

Lakini kuipanga ni jambo moja. Pale mgodini mtu hakujiombea. Ukitaka ruhusa ya kwenda msibani, au uhamishwe kutoka kwenye shimo lenye maji, mwenzako wa mashine ndiye aliyemwendea nyapara. Aliyejiombea alionekana mvivu. Aliyeombewa alionekana mtu wa watu. Na Stanslaus alikuwa amelelewa hivyo tangu nyumbani. Hata Generosa, mjomba ndiye aliyekwenda kumposea, yeye akikaa nje ya boma akichora chini kwa kijiti. Kwa hiyo hotuba ya kuomba kazi ya taa alimfundisha Mabula. Aliitunga mwenyewe, akamkaririsha kwa wiki nyingi. I ask you to give him this work, sir. He is honest. Damu hawakuitaja.

Siku ya walioitaka kazi ya taa kuitwa ofisini, Generosa alimfulia shati na kumchemshia maji ya tangawizi ili kikohozi kitulie. Wakakaa kwenye benchi la nje, Stanslaus na Mabula. Akaitwa Stanslaus kwanza.

Bwana Injinia hakuwa mtu mkali. Alimuuliza kwa Kiingereza kwa nini anaitaka kazi hiyo. Stanslaus alikuwa na sentensi zake zote ulimini. Alianza, I want to get, akafika mahali pa kujitaja, akasita. Aliona haya, kama bwana harusi aliyeingia kuipeleka posa yake mwenyewe.

"Mwenzangu yuko nje," akasema kwa Kiingereza. "Yeye atasema."

Injinia akamtazama kidogo, akaagiza Mabula aingie na Stanslaus asubiri nje.

Mabula alikaa humo muda mrefu. Alipotoka hakuja kwenye benchi. Alisimama mbali, kofia mkononi, akiizungusha.

"Vipi?" akauliza Stanslaus. "Ulisema?"

"Nilisema yote. Sikuruka hata neno."

"Akajibuje?"

"Akasema nina sauti nzuri. Akaniuliza kama kifua changu kizima. Nikamwambia Bwana, si mimi, ni yeye. Akasema karani lazima ajue kusema, na mimi najua." Mabula akameza mate. "Ameniandika mimi, Stanslaus."

Stanslaus akautazama mlango wa ofisi.

"Nitakataa. Narudi ndani sasa hivi."

"Ukikataa ataandikwa mgeni. Utabaki shimoni, na mimi nitabaki. Usikatae."

Jioni ile Generosa alisikia habari akiwa anasonga ugali. Hakuacha kusonga.

"Baba Sikujua, na mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Mtu hajiombei."

"Na kufa? Mabula naye atakufa kwa niaba yako?" Sasa mwiko ulisimama. "Mimi na mtoto tutamwendea nani?"

Asubuhi Stanslaus hakwenda kwenye foleni ya taa. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Bwana Injinia, akavua kofia, akasema kwa Kiingereza. Safari hii hakusita. Alisema amekuja kujiombea mwenyewe. Kwamba anaomba kazi yoyote ya juu, hata kufagia. Aliulizwa kwa nini. Alikuwa ameshaanza, na hakujua pa kuishia, kwa hiyo akaeleza vumbi, na usiku, na damu.

Injinia alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia Kiingereza chake ni kizuri sana. Kisha akamwambia kwamba kanuni haziruhusu mgonjwa wa kifua kukaa kambini, juu wala chini, na nyumba waiache kabla ya Jumapili.

Walihama Jumamosi, kuelekea Bugarama kwa dada yake Generosa. Mabula aliomba ruhusa ya kutoka dirishani kwake akawasindikiza, godoro kichwani. Walikwenda polepole, kwa kuwa Stanslaus alikuwa anasimama kila mara na kushika magoti. Penye njia panda Mabula alilitua godoro.

"Mimi ningekuombea tena," akasema. "Ningengoja siku mbili tatu, Bwana apoe, nikamwendee. Ulikwenda ukamwambia nini?"

Stanslaus alifuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja haraka kabla mtoto hajaona.

"Kila kitu," akasema. "Nilijisemea."

Mabula akamtwika Generosa godoro, akageuka kurudi, maana taa za jioni zilikuwa zinamsubiri.