Bukuru na Butoyi wa Volti Mia na Kumi

Hivi wewe unaweza kutenganisha mapacha, huyu abaki Kasulu na yule apelekwe Kibondo, kisha ukaenda kula nyama choma na usingizi ukakujia? Venanti aliweza.

Niyibizi wa Kagerankanda alikuwa fundi wa mianzi ya kuvulia, ile wanayoshuka nayo wavuvi wa kambale kwenye mto Malagarasi. Mwanzi mtupu hupasuka kwenye fundo samaki akivuta. Wa Niyibizi haukupasuka, maana kila fundo alilizungushia uzi wa nailoni, uzi ubavuni mwa uzi kama ukili wa mkeka, kisha akaupaka vanishi. Kazi hiyo hutaka mwanzi uzunguke bila kusita, na miaka yote aliyeuzungusha ni mkewe Maximilla, kwa mkono, kwa gurudumu la baiskeli lililofungwa juu ya benchi. Bega lake la kulia likafa ganzi. Ikafika mahali hawezi kutegua chungu cha maharage, na Niyibizi akawa anaona aibu kumwita, "Mama Bukuru, njoo tuzungushe."

Alimwita hivyo kwa sababu walizaa pacha. Huku Uha pacha wote huitwa Bukuru na Butoyi, mkubwa na mdogo, na huwezi kumpa mmoja muhogo ukamnyima mwenzake.

Mwaka wa tisini na saba shirika moja la ng'ambo likaleta cherehani tatu za umeme kwa kina mama wa kambi ya Mtabila. Kina mama hawakuulizwa kama wana umeme. Siku ya uzinduzi cherehani ya kwanza ilichomekwa kwenye jenereta, ikapiga kelele kama nguruwe anayechinjwa, ikafuka moshi. Ilitengenezwa kwa umeme wa kwao, volti mia na kumi. Wetu ni zaidi ya mara mbili ya huo. Wageni wakapiga picha, wakapanda magari yao, wakaacha vumbi. Mbili zilizobaki zikatupwa stoo kwenye mavi ya panya, hadi Niyibizi alipoomba mota zake, akapewa mbele ya watu.

Akampelekea Constantin, fundi umeme, mkimbizi kutoka Kongo aliyekuwa kambi ya Nyarugusu.

"Papa, iyi moteri inakunywa kura ya mia na kumi tu," Constantin alisema akiigeuza mkononi; umeme kwao ni kura. "Ukiipa mia mbili, inapasuka tumbo. Tuziweke moja nyuma ya ingine. Kura ikifika, zinagawana."

"Moja ikiwa na uchoyo?"

"Tunazifunga zote kwa chuma moja. Hakuna ya kukimbia peke yake."

Maximilla, aliyefuatana na mumewe, akacheka. "Basi hao ni Bukuru na Butoyi. Mmoja hali bila mwenzake."

Wakazifunga bandani, nyuma ya mashine ya kusaga mjini Kasulu, wakavuta waya kutoka kwenye jenereta ya mwenye mashine. Niyibizi akakanyaga pedali. Mwanzi ukazunguka, uzi ukajilaza wenyewe, na Maximilla akakaa kando, mikono mapajani, kama mgeni kwenye harusi ya watu. Hakujua afanye nini na mikono hiyo. Akachukua uzi wa pamba, akaanza kufuma.

Ndipo akaja Venanti, katibu wa kamati ya misaada, shati limepigwa pasi, kijiti cha meno mdomoni.

"Baba Bukuru, hongera. Ila vifaa vya mradi havikai wilaya moja. Kibondo nao wanalia. Moja itabaki kwako, moja inakwenda huko."

"Mheshimiwa, moja peke yake inaungua. Muulize fundi."

"Nimuulize ya nini? Fizikia nimesoma." Alitoa kijiti, akakitazama kilivyonasa nyama, akakirudisha. "Lakini ripoti haijasoma fizikia. Ripoti inataka wilaya mbili."

"Ikiungua je?"

"Itaungua imeshapigwa picha."

Ujinga una dawa. Mjinga hufundishwa akaelewa. Huyu alikuwa ameelewa. Alijua kila kitu, na bado akamwamuru dereva wake amfungue Butoyi kwa bisibisi, amtupe nyuma ya gari kati ya kreti za bia za wageni. Mwanzi uliokuwa nusu kusukwa ukabaki benchini, uzi unaning'inia kama utumbo.

Niyibizi alisimama akitazama vumbi la lile gari.

"Mpeleke na huyu," Maximilla akasema nyuma yake.

"Nani?"

"Bukuru. Bora wawe wote huko, wamfanyie kazi mtu mwingine. Mimi bega langu limeshazoea." Tayari alikuwa anaifunga ile mota kwa kitenge chake, kwa fundo lile lile la kubebea mtoto.

Niyibizi akapanda lori la maharage, akafika Kibondo giza limeingia, akalala kibarazani kwa watu, kichwa juu ya kitenge.

Asubuhi yake alikuta viti vya makabidhiano vimepangwa uwanjani, mgeni rasmi kishakaa, na Butoyi yuko mezani peke yake, kafungwa utepe mwekundu. Waya wake ulikuwa umeshachomekwa kwenye jenereta. Niyibizi akapenya katikati ya watu, kitenge kifuani.

"Ngojeni! Mwenzake huyu hapa! Ngojeni!"

Mgambo akamsukuma kwa kirungu. "Kaa chini, mzee. Zamu ya wananchi baadaye."

Venanti alimwona. Walitazamana. Kisha Venanti akageuka, akamwinamia mgeni rasmi, akamwonyesha swichi.

Butoyi alilia. Alizunguka kwa kasi ambayo Niyibizi hakuwahi kuisikia, utepe ukakatika ukaruka, harufu ya vanishi ya nyaya zake iliyoungua ikatanda, kisha moshi mweusi, kisha kimya. Mpiga picha alishamaliza kazi yake. Mgeni rasmi akafunika pua kwa leso.

Venanti akainua mikono yake juu ya kichwa, akaanza kupiga makofi, na uwanja mzima ukamfuata.