Uwanja Uliotoka Kwenye Kinu

Mvua ikilowesha matofali yaliyovunjika, ile harufu hunirudisha nyuma ya ua wa mianzi, vidole vyangu vikiwa mkononi mwa mama.

Udongo wa Goma ni mweusi na mawe yake ni makali. Wazungu walipotaka uwanja mwekundu wa tenisi, mama zetu ndio waliotwanga matofali yaliyoletwa kutoka mji wa Kiwanja katika vinu vyao vya sombe, majani ya muhogo tunayopika mboga, mpaka yakawa unga. Walikuwa wameonywa kwamba jiwe likipotosha mpira, watatwanga yote upya.

Siku wachezaji wawili wa kulipwa walipokuja kutoka Ulaya, tulienda kuchungulia. Hatukujua tumshangilie nani, tukashangilia uwanja. Kila mpira ulipodunda sawasawa, akina mama walipumua.

Karibu na mwisho, mchezaji mrefu aliukosa mpira. Akapiga magoti, akaweka kidole kwenye unga wetu.

"Ameona jiwe," jirani akanong'ona.

"Nilichekecha mimi mwenyewe," mama akasema, akiniminya vidole mpaka vikauma.

Mwamuzi akashuka kwenye kiti chake, naye akainama. Ndipo muzee aliyekuwa akimwagilia uwanja akaja kwenye ua, anacheka.

"Mama, wanatafuta tu alama ya mupira, waone kama ulianguka ndani ao inje ya mustari. Udongo wenu umeishika muzuri."

Mama akaniachia vidole, akakaa chini palepale kwenye majani.

Jioni sombe ilikwaruza meno, maana kinu kilikuwa hakijatakata. Mama alitafuna polepole, kisha akajiongezea.