Vitabu Kumi na Tisa vya Bi Ushahidi

Miaka ishirini na mbili, miswada yote ya Bi Ushahidi imepita mikononi mwa mtu mmoja, naye ni wifi yake. Bi Ushahidi ni mwandishi wa habari za siasa. Jina hilo alibandikwa kazini, kwa sababu ukimletea habari yoyote, hata ya mvua, atakuuliza ushahidi uko wapi. Wifi ni dada mdogo wa mumewe. Alianza kumchapia kwa kusaidia tu, maana mwandiko wa Bi Ushahidi ulikuwa hausomeki na mtu mwingine, mwenyewe akiwemo.

Na vitabu vyenyewe havifanani hata kidogo, utadhani vimeandikwa na ukoo mzima. Kipo cha uchaguzi, kinene kama tofali. Kipo cha kuwaeleza watoto wa shule bunge hufanya kazi gani, siku ambazo linafanya. Kisha ziko riwaya: ya mafundi cherehani wawili waliogombea kibanda kimoja mpaka wakaoana; ya mauaji, ambamo muuaji ni mpima ardhi; na ya mapenzi, iliyomfanya mumewe azunguke nyumba wiki nzima akiuliza huyo daktari mwenye sauti nzito ni nani hasa.

"Kaka, ni wa kubuni," Wifi alimwambia. "Mimi ndiye niliyemchapa."

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hawakumjua huyu mama.

Siri yake ilikuwa kutochanganya. Asubuhi aliandika siasa kwenye meza ya chakula, karatasi zenye mistari, na kila jambo likiwa na namba nyekundu pembeni kuonyesha ushahidi wake uko faili gani. Alasiri alihamia barazani nyuma kuandika riwaya, na hizo aliziandika nyuma ya taarifa ambazo wizara huwamwagia waandishi kila siku. Hakupenda kutupa karatasi. "Mbele uongo wao, nyuma uongo wangu," alikuwa akisema. "Ila mimi wangu nautangaza kwenye jalada."

Kitabu cha kumi na tisa kilimhusu waziri aliyejiuzulu baada ya daraja jipya kupasuka. Sura ya saba ilihitaji taarifa yake ya kujiuzulu, neno kwa neno. Wifi akaichapa. Kisha, kwa haraka za siku ile, akageuza karatasi, akaona nyuma, kwa mwandiko wa Bi Ushahidi, kuna waziri ndani ya gari, amevua viatu, anampigia mama yake simu huku analia. Akachapa na hayo. Namba nyekundu haikuwepo, naye hakuitafuta.

Aligundua vitabu vilipokwisha kuchapwa. Ana desturi ya kusoma kila kitabu kipya amesimama jikoni, na alipofika ukurasa wa mia na kumi na mbili alifurahi, akausoma mara mbili, ndipo akajiuliza namba yake nyekundu ilikuwa ya faili gani. Alikwenda kwenye faili, akaitoa ile karatasi, akaigeuza. Nyuma hapakuwa na namba yoyote.

Nakala elfu mbili zilikuwa katika ghala la kiwanda cha uchapaji, zikisubiri kwenda madukani Alhamisi. Kwa miaka thelathini wakubwa walioandikwa na Bi Ushahidi walikuwa wakitafuta sentensi moja tu ya uongo ili waseme yote ni uongo, na yeye Wifi amewapa ukurasa mzima. Wala hakuna aliyejua. Mhariri alikuwa amepiga simu kusema ukurasa ule ndio mtamu kuliko yote. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imesimama jikoni, ikijua kwamba ikisema, huenda isikabidhiwe karatasi nyingine maisha yake yote.

Akaenda barazani. "Wifi, nimekuharibia."

Bi Ushahidi akasoma karatasi mbele, akasoma nyuma, akasoma kitabu. Hakumlaumu, hakumtuliza. Alichukua simu, akamwambia mhariri hakuna nakala kutoka.

"Lakini mama, nani atajua?" mhariri akauliza.

"Mimi na wifi yangu. Tumeshakuwa wengi."

Kisha akaandika maneno ya kubandikwa kwenye kila nakala, akampa Wifi ayachape: *Yaliyo katika ukurasa huu hayakutokea. Niliyabuni kwa ajili ya riwaya, yakaingia humu kwa uzembe wangu.*

Wifi aliweka vidole kwenye kompyuta, akaviondoa. "Hii siichapi."

"Kwa nini?"

"Ina uongo. Uzembe wako, ushahidi uko wapi? Aliyegeuza karatasi ni mimi."

"Wifi, acha. Watu watakusema."

"Watamsema nani? Vitabu kumi na tisa, na hakuna anayejua kama nipo."

Hakulisema kwa uchungu. Lakini Bi Ushahidi alivua miwani. Katika dibaji zake alikuwa amemshukuru mhariri, wakutubi, mumewe kwa uvumilivu, na safari moja hata paka. Jina la Wifi hakuwahi kulitaja. Aliona aibu, na kwa kuwa ni yeye, akasema: "Nimeona aibu."

Akachukua karatasi nyingine, safi pande zote mbili, akaandika upya. Aliyabuni yeye, akasema, na yaliingizwa kwa makosa na mchapaji wa vitabu vyake vyote kumi na tisa, ambaye aliligundua kosa lake mwenyewe na kulisema wakati hakuna mtu mwingine aliyelijua. Hapo akaweka jina la Wifi, lake na la baba yake.

Siku tatu walibandika ghalani, mume akishika gundi na kulalamika mgongo. Waliokuwa wakimvizia Bi Ushahidi walisoma kikaratasi kile, wakakosa pa kushika.

Ukienda kwa Wifi leo, vitabu vyote vimepangwa sebuleni, vya siasa na vya mapenzi bega kwa bega. Mgeni akivisifia, hamtolei riwaya wala kile cha uchaguzi. Humfungulia cha kumi na tisa, ukurasa wa mia na kumi na mbili, akaweka kidole kwenye kikaratasi.

"Huyo ni mimi," husema.