Kisigino cha Kushoto

Nilipoingia kibandani kwake mara ya kwanza, fundi viatu hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu, akasema ninatembea kama mtu aliyechelewa. Mtaani wanamwita Soli. Wateja hutaniana kwamba mwenye safari za siri asimpelekee viatu, maana atasoma mpaka uchochoro.

Basi walipomwita chumba cha maiti kumtambua mdogo wake aliyepotea katika mafuriko, miaka mingi iliyopita, alikwenda bila shaka moyoni. Uso wa maiti haukutambulika. Akatazama viatu: uzi mwekundu aliushona kwa mkono wake, na kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje, kwa vile mdogo wake aliburuta mguu huo tangu uvunjike utotoni. Akasema ni yeye. Wakazika. Mama yao peke yake hakukubali kumwita marehemu.

"Umezika viatu, mwanangu," alimwambia, na hadi leo mlango wake haufungwi kwa ndani.

Jumatatu hii, mwanamke mgeni alileta viatu vibadilishwe soli. Havijawahi kuguswa na fundi. Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje, kwa mshazari uleule. Soli alivigeuza, akavigeuza tena. Alipouliza ni vya nani, mwanamke alijibu kwamba mwenyewe atavifuata Jumamosi, akaenda zake.

Jana nilimkuta amevipakata kama mtoto. Hakuthubutu kuving'oa visigino, asije akafuta ushahidi. Nikamweleza, kwa yale niliyosoma chuoni, kwamba watu wawili wanaweza kuchakaza viatu kwa namna moja. Akacheka kidogo.

"Kama wanaweza, dada, yule niliyemzika nilimjuaje?"

Nikavitazama tena vile viatu.

"Viatu vilikuwa vyake, hilo naapa," akasema. "Aliyevivaa ndiye ambaye sikumwuliza."

Leo ni Jumamosi. Mama yake amekuja, amevaa nguo zake za kutokea, ameketi kwenye kigoda. Hakuna aliyemwambia lolote. Nimemwuliza Soli mara mbili, naye ameapa hajafungua mdomo.

Nje watu wanapita kwa wingi. Katikati ya hatua zao, ipo moja inayoburutwa. Inakuja, inasimama, inakuja tena. Mama ameacha kupepesa macho. Soli hainui kichwa; anatazama kizingiti, pale ambapo mguu utatangulia kuonekana.