Besi Chini ya Vitenge

Mimi ni mtu wa aibu. Nikienda dukani kununua uzi nikakuta watu wawili wamenitangulia, natoka nikangoje nje. Shuleni nilifika darasa la saba bila kunyoosha kidole hata mara moja, na kuna mwalimu aliyedhani mimi ni mgeni mpaka wiki ya mtihani wa mwisho. Kwa hiyo ukisikia kwamba napiga gitaa la besi kwenye kwaya, mbele ya kanisa zima, ujue kuna maelezo.

Maelezo ni kwamba besi hupigwa nyuma. Nilijiunga na kwaya yetu ya Mabatini kwa sababu ya shangazi. Yeye ndiye aliyenilea, ndiye aliyenifundisha kushona, na ndiye anayeongoza akina mama wanaocheza mstari wa mbele. Alisema hataniacha nyumbani kila Jumamosi nikilinda sufuria. Kuimba sikuweza, nilikuwa nafungua mdomo tu. Siku moja ya mazoezi nikajibanza nyuma ya spika kubwa, nikamkuta mpiga besi wetu, fundi redio wa Igoma, amekaa juu ya kreti la soda na amewapa watu wote kisogo. Nikaona hapa ndipo kwangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasogea kidogo kwenye kreti. Hatukuzungumza tena kwa karibu mwezi mzima. Alipiga, nikatazama vidole. Mwezi wa pili akanipa gitaa nilishike.

Mwaka jana kwaya ilialikwa Bukoba. Kwa wengine ilikuwa ziara, lakini kwangu ilikuwa zaidi ya hapo. Watu wa upande wa baba wako huko ng'ambo ya ziwa, na bibi yangu mzaa baba bado yupo, ana migomba yake na simu ya batani. Mimi nimezaliwa Mwanza. Ziwa naliona kila ninapotelemka Igogo kufuata vifungo na zipu, lakini nilikuwa sijawahi kulivuka. Bibi na mimi tulijuana kwa sauti tu, na kila alipopiga alimaliza na swali lilelile: "Lini nitakuona?" Nauli ya watu wawili haikuwahi kupatikana. Sasa kwaya ingewalipia wote wanaosafiri, waimbaji, wachezaji na wapigaji.

Ila mpiga besi alikuwa fundi, siyo mimi. Halafu ikajulikana kwamba mke wake angejifungua wiki hiyohiyo ya safari. Baada ya mazoezi akamwendea mwalimu wa kwaya, akanisukuma mbele kidogo kama mtu anayeuza mbuzi.

"Mpeleke huyu."

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama kreti.

"Huyu? Huyu hata sauti yake sijawahi kuisikia."

"Hupeleki mdomo wake, mwalimu. Unapeleka vidole."

Mwalimu wetu ni mtu wa haki lakini ni mwoga wa kuaibika ugenini. Alifikiri, kisha akasema kuna kijana mmoja wa Igogo anayepiga kwenye bendi, anaijua kazi, na yuko tayari kusafiri. "Tufanye hivi. Jumapili ya mnada huyu binti apige chemko. Nikiona akina mama wanacheza, jina lake linaingia kwenye orodha ya meli. Nikiona wamesimama, nampigia simu kijana wa Igogo."

Chemko ni ile sehemu ya wimbo ambapo waimbaji hunyamaza, vyombo vinabaki na wachezaji. Kwenye wimbo wetu mkubwa besi huachiwa nafasi yake peke yake mara mbili, na magitaa mengine hukaa kimya. Fundi kwenye nafasi hiyo alikuwa anapiga vitu vichache tu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani aliyemzoea. Mimi niliona hiyo haitoshi. Mtu asiyeweza kusema hata "sogea kidogo" atamshinda vipi kijana wa bendi? Lazima aonyeshe kitu.

Nikaenda kwenye simu ya shangazi. Mle ndani kuna mzungu mmoja mwenye upara anayepiga besi kwa kidole gumba, anaichapa kama anaua mbu, na mkono wa pili unapanda na kushuka shingoni mwa gitaa kama panya kwenye kenchi. Nilimtazama wiki mbili. Sauti niliipunguza mpaka karibu kuisha, kwa sababu chumba chetu kimepakana na cha wapangaji wengine na sikutaka waulize. Vidole nilivishika vyote, kimoja kimoja.

Mazoezi nilifanyia kibandani petu pa kushonea, tukishafunga kazi. Gitaa aliniazima fundi; spika sikuwa nayo, lakini alikuwa amenifundisha ujanja: ukikandamiza kichwa cha gitaa kwenye mbao, mbao inaimba. Nikakandamiza kwenye meza ya kukatia. Meza nzima ikaunguruma. Vifungo vikaanza kurukaruka, chaki ikatembea yenyewe hadi ukingoni ikaanguka. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka nikashika tumbo. Nilipiga haraka, nikaongeza, pini zikahama kwenye kopo lake. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile na kitu chochote.

Shangazi akachungulia mlangoni.

"Hilo gitaa limeingiwa na siafu?"

"Ni manjonjo, shangazi. Ya kwenye chemko."

"Na mimi nitayachezaje?"

"Utacheza tu."

"Haya," akasema. Ilikuwa ile haya anayomwambia mteja anayesisitiza kwamba kiuno chake bado ni inchi ishirini na sita.

Jumapili ikafika. Kwenye mnada wetu, baada ya ibada, watu hutoka nje na vitu walivyomtolea Mungu hunadiwa uwanjani: mikungu ya ndizi, mayai, kuku, vitambaa. Mzee wa kanisa hunadi kwa kipaza sauti, na kwaya hupiga nyimbo katikati ili watu wasichoke. Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba nje hakuna nyuma. Kwaya ilikuwa katikati ya uwanja na watu wametuzunguka pande zote. Niliuzunguka mstari wa spika mara mbili nikitafuta pa kujibanza. Fundi akaniwekea kreti pale pale, akanikabidhi gitaa, akaenda kusimama na watazamaji mikono mfukoni.

Wimbo ukaanza, chemko ikafika, nafasi yangu ya kwanza ikafunguka. Nikachapa kwa kidole gumba. Nikapanda, nikashuka, nikapanda tena. Nadhani nilipiga milio mingi kuliko iliyomo ndani ya gitaa. Vijana wakapiga miluzi. Simu zikanyooshwa juu. Nilijiona niko kwenye meli tayari, nimekaa upande wa dirisha. Nafasi ikaisha, nikainua macho.

Akina mama wote kumi na wawili walikuwa wamesimama. Mmoja alikuwa ameacha mguu hewani kama kuku aliyekanyaga matope. Wawili walikuwa wamegeuka pande tofauti, wamegongana, wanaombana radhi. Shangazi alikuwa ameshika kiuno.

"We mtoto!" akaita kwa sauti ya kuishinda ngoma. "Mguu niuweke wapi?"

Uwanja ukacheka. Mzee wa mnada, ambaye hajawahi kuacha neno lipite bila kulinadi, akalirudia kwenye kipaza sauti: "Mama anauliza, mguu auweke wapi."

Waimbaji wakaupokea wimbo. Vidole vyangu viliendelea na ubeti vyenyewe, mimi sikuwepo. Nilimwona mwalimu anatoa simu mfukoni. Nikajua anampigia kijana wa Igogo. Machozi yakanijaa, na nafasi ya pili ilikuwa mbele yangu, ubeti mmoja tu.

Shangazi anaujua uso wangu. Nilipokuwa mdogo, wageni wakija, alikuwa ananitupia kitenge kichwani nikae humo mpaka watakapoondoka, na wageni walizoea kulisalimia lile furushi. Sasa nikamwona anafungua kitenge alichojifunga kiunoni juu ya gauni la kwaya. Akaja kwangu akicheza, maana katikati ya wimbo hawezi kutembea hivihivi. Akakirusha. Kikanifunika mimi, gitaa na nusu ya kreti.

"Jifiche humo," akaninong'oneza. "Piga kitu nitakachokanyaga."

Lakini kwetu mtu akipendezwa na mpigaji humtunza, na kumtunza ni kumwendea ukicheza na kumvika kitambaa. Watu waliokuwa nyuma hawakusikia alichoninong'oneza shangazi. Walichoona ni mama wa mstari wa mbele akitunza, na katika uwanja wetu hakuna anayekubali kuwa wa mwisho. Kikaja kitenge cha pili. Ikaja kanga. Ikaja nyingine ambayo lazima ilikuwa imenunuliwa mnadani dakika hiyo, maana ilikuwa na harufu ya dukani na karatasi yake ya bei ilinichoma sikioni. Mwanamume mmoja ambaye hakuwa na kitambaa akaleta koti. Mwingine, hata leo hajajitaja, akaniwekea miguuni jogoo aliyefungwa miguu.

Mle ndani kulikuwa giza na joto la tanuri. Palinuka sabuni ya mche na koti la mtu anayevuta sigara kwa siri. Sikuiona shingo ya gitaa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba manjonjo yangu yote yalikuwa ya macho. Bila kuona vile vichuma vya shingoni mwa gitaa sikujua niruke kwenda wapi. Mkono ukarudi chini, mahali unapopajua hata usingizini, kwenye ile milio minne ambayo fundi alinionyesha siku ya kwanza.

Magitaa mengine yakanyamaza. Nikapiga mmoja. Kisha nikangoja. Haukuwa ustadi, ilikuwa hofu, nilikuwa nautafuta wa pili kwa kupapasa. Na katika kungoja kule nikasikia mavumbini: *tu*. Miguu kumi na miwili, pamoja.

Kumbe mguu unawekwa pale.

Nikapiga wa pili na wa tatu, nikaacha shimo kwa makusudi. Miguu ikalijaza. Nikapiga wa nne, nikaacha shimo kubwa zaidi. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshaanza kukanyaga wenyewe kama nipo kwenye cherehani, kisigino na vidole, kisigino na vidole. Nikaanza kucheka chini ya vitambaa, jasho linaniingia mdomoni. Katika shimo lililofuata jogoo akawika. Akawika mpaka mwisho wake. Nikamngoja amalize, nikampigia mlio mmoja mnene kabisa, kama kumwitikia marahaba.

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani Igoma walivisikia. Nikaongeza mlio mmoja wa kuteleza, mdogo, na nikausikia mstari mzima wa akina mama unateleza nao. Fundi anasema nafasi yangu niliipita mara tatu na hakuna aliyetaka kuimba tena. Mimi sijui. Humo ndani hakukuwa na saa.

Walinifunua tabaka moja baada ya jingine. Wa kwanza kumwona alikuwa mwalimu. Alikuwa amelowa jasho, suruali ina vumbi mpaka magotini. Nikamwuliza, na ndiyo mara yake ya kwanza kusikia sentensi kutoka kwangu:

"Umeshampigia yule kijana?"

"Nani? Mimi nilikuwa narekodi." Akanitazama vizuri. "Kumbe unaongea. Haya, nipe majina yako kamili, naandika orodha ya meli."

Jioni ile, wapangaji wakiwa bado hawajarudi, niliirudia video ya yule mzungu wa upara. Safari hii nilifungua sauti. Wiki mbili nilikuwa nimevitazama vidole vyake na sikuwahi kuutazama mguu. Mguu ulikuwa unagonga sakafu muda wote, na yale mambio yake yote, hata yale ya panya, yalikuwa yanatua mguu unapotua. Nilikuwa nimechukua nusu yake tu. Kwa hiyo sitayasema vibaya manjonjo. Nayapenda bado, na meza ya kukatia inalijua hilo.

Shangazi alitapika tangu meli ilipoacha gati mpaka karibu na kufika. Mimi sikuumwa hata kichwa, nilimshikia mfuko. Asubuhi tulitoka bandarini moja kwa moja hadi kanisani. Chemko ilipofika nilikuwa nimekaa uso wazi, bila spika mbele yangu. Nikapiga ile minne, nikaacha mashimo. Halafu nikaweka kidole gumba, mara moja, mara moja tu. Shangazi akageuza shingo akanitazama, lakini mguu wake haukupotea.

Hapo akatoka bibi mmoja upande wa akina mama, mfupi, anacheza, kitenge kimekunjwa mkononi. Mabega aliyatikisa vilevile anavyoyatikisa shangazi. Sikuhitaji kuambiwa. Nikautazama uso wake kwa muda wa mapigo manne hivi, kisha akanifunika.