Kisu cha Halidi

Nyama ya Morogoro Mjini hupita mikono mingi, na kila mkono una utetezi wake. Mfugaji wa kule Dakawa atakwambia ng'ombe alimuuza akiwa mzima. Dalali atasema yeye hununua mnadani, hatibu. Mkaguzi ana muhuri wake, na mwenye bucha anasema muhuri aliuona. Mchinjaji peke yake ndiye aliyeachiwa neno zito: kwamba mnyama alikuwa hai kisu kilipomfikia.

Neno hilo Halidi alilirithi kwa baba yake, pamoja na kisu chenyewe. Wateja waliuliza buchani ni kisu cha nani, na wakisikia ni cha Halidi walinunua bila kuuliza tena.

Alfajiri moja Hafidhi, dalali, alichelewa machinjioni. Fuso ilikuwa imekwama matopeni, na dume moja jeusi likakanyagwa na wenziwe. Walilishusha kwa kuliburuta. Halidi akaligusa jicho kwa kidole, kama alivyofundishwa. Halikupepesa. Kibudu hicho, haramu kwa kila Mwislamu.

Alimwambia Hafidhi akakifukie. Hafidhi hakugomba. Alimvuta pembeni, akamkumbusha taratibu ni nani aliyempigania apate kazi pale, na kwamba wenye visu wamejaa getini.

"Mkaguzi hajafika," akasema. "Pitisha kisu tu, Halidi. Nani atajua?"

Halidi akapiga bismillahi, Mungu amsamehe, akapitisha. Damu haikuruka, ilichuruzika kidogo, nyeusi. Mkaguzi alipokuja alikuta nyama inaning'inia, akapekua maini na mapafu, hakuona ugonjwa, akagonga muhuri. Dume zima likapelekwa bucha la Severini.

Maji yakimwagika hayazoleki. Siku hiyohiyo ilikuwa hitma ya baba yake, na nyama ya pilau ilikuwa juu yake. Alishindwa kugusa chochote pale machinjioni. Akarudi nyumbani mikono mitupu, akadanganya kuwa nyama nzuri imekwisha, akajilaza.

Alipoamka pilau ilishaiva. Mama yake, asiyekubali kuaibika mbele ya wageni, alikuwa amemtuma bodaboda kwa Severini.

Dua ikasomwa. Sinia likatua mbele ya masheikh, na mama yake akasimama mlangoni, uso ukimng'aa kwa fahari.

"Kuleni kwa amani," akasema. "Kisu ni cha mwanangu."

Wakamgeukia Halidi, wakingoja mwenye hitma aanze. Akapiga bismillahi ya pili siku ile, akanyoosha mkono, akala.